Kura ya wananchi, lakini ipi? Njia mbadala za mfumo wa wajumbe Marekani, bega kwa bega

Mwaka 2020 Donald Trump alipata kura nyingi zaidi California kuliko Texas. California alipigiwa na zaidi ya watu milioni 6, Texas na kama milioni 5.9. Kura za Texas zilimpa wajumbe 38. Za California, ambazo ndizo nyingi, hazikumpa hata mmoja. Upande wa pili hali ni hiyo hiyo: Joe Biden alizoa zaidi ya kura milioni 5.2 Texas na akatoka mikono mitupu.

Mwonyeshe mtu yeyote hesabu hiyo, atakwambia dawa yake ni rahisi: kura zote zijumlishwe pamoja, mwenye nyingi aapishwe. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mjadala ulipopaswa kuanza. "Mwenye nyingi" ni nani? Ni yule aliyewazidi wenzake hata kama ana asilimia 36? Au ni lazima afike nusu? Asipofika, watu warudi vituoni, au karatasi yao ya kwanza iwe imeshasema yote? Na je, inatosha kuwa na kura nyingi zilizotoka kona moja ya nchi? Kila jibu lina mfumo wake, na kila mfumo una nchi iliyoujaribu. Nyingine ni za hapa kwetu.

Kinachotaka kuondolewa

Mpiga kura wa Marekani hamchagui rais moja kwa moja. Anachagua orodha ya wajumbe wa jimbo lake, nao hukutana Desemba katika mji mkuu wa kila jimbo kupiga kura inayohesabika kikatiba. Wajumbe ni 538. Kila jimbo hupata idadi sawa na wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, ukiongeza maseneta wawili. Washington DC ilipewa 3 kwa marekebisho ya 23 ya katiba, mwaka 1961. Wa kushinda ni 270. Majimbo 48 pamoja na DC humpa anayeongoza jimboni wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura za kujaa ukumbi mmoja tu.

Hilo la kubeba wote halimo kwenye katiba. Ni sheria ya kila jimbo kivyake. Kumbuka jambo hili, kwa sababu baadaye ndilo linalofungua mlango wa uani.

Mara 5 aliyepata kura chache za wananchi ameishia kuwa rais: 1824, 1876, 1888, 2000 na 2016. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa kura karibu milioni 2.9 na akashindwa. Wapo wanaoamini mfumo huu ni mtambo wa chama cha Republican. Si kweli. Mwaka 2004 George W. Bush aliongoza kitaifa kwa kura milioni 3, lakini Ohio alishinda kwa kura kama 118,000 tu. Wapiga kura 60,000 wa Ohio wangebadili mawazo, John Kerry angekuwa rais, na bila shaka hotuba za kutetea na kulaani mfumo zingebadilishana vyama usiku ule ule.

Watetezi wake hupenda kusema ulibuniwa kulinda majimbo madogo. Historia yake ina sura nyingine pia. Kwenye mkutano wa katiba Philadelphia mwaka 1787, James Wilson wa Pennsylvania alitaka wananchi wachague wenyewe. James Madison, ambaye mwenyewe alitoka Virginia, alieleza waziwazi kikwazo: majimbo ya Kusini yangekosa ushawishi kwa sababu watumwa wao hawapigi kura. Kwa hesabu ya wajumbe, mtumwa alihesabiwa kama sehemu tatu kwa tano ya mtu, hivyo bwana wake akapata uzito wa kura ambayo mtumwa hakuipiga.

Mifumo yote kwa mtazamo mmoja

| Mfumo | Anayeongoza kwa kura za wananchi ndiye mshindi? | Lazima afike nusu? | Watu hurudi kituoni? | Katiba ya Marekani ibadilishwe? |
|---|---|---|---|---|
| Wajumbe, kama ulivyo | Si lazima | Nusu ya wajumbe tu | Hapana | – |
| Wajumbe kwa wilaya za ubunge | Si lazima | Nusu ya wajumbe tu | Hapana | Hapana |
| Wajumbe kwa uwiano wa kura jimboni | Mara nyingi | Nusu ya wajumbe tu | Hapana | Hapana |
| Kura nyingi kitaifa | Ndiyo | Hapana | Hapana | Ndiyo |
| Mkataba wa majimbo | Ndiyo | Hapana | Hapana | Hapana, ila kesi hazitakosekana |
| Duru mbili | Wa duru ya mwisho | Ndiyo | Ndiyo, ikibidi | Ndiyo |
| Kupanga wagombea kwa nafasi | Wa hesabu ya mwisho | Nusu ya karatasi zilizobaki | Hapana | Ndiyo |
| Nusu jumlisha moja na mtawanyiko | Akitimiza masharti yote | Ndiyo | Ndiyo, ikibidi | Ndiyo |

Jedwali linaficha mambo, kama majedwali yote. Safu ya mwisho ndiyo inayoua mapendekezo mengi: kubadili katiba ya Marekani kunataka theluthi mbili za kila baraza la Bunge, kisha robo tatu ya majimbo, yaani 38. Majimbo 13 yakikunja mikono, basi.

Marekebisho ya nusu nusu

Mifumo miwili ya wajumbe waliogawanywa naipitia haraka kwa sababu sioni inachotibu.

Maine (tangu 1972) na Nebraska (tangu 1992) hutoa mjumbe mmoja kwa mshindi wa kila wilaya ya ubunge, na wawili kwa mshindi wa jimbo zima. Ndiyo maana Omaha, mji ulio ndani ya Nebraska, jimbo la Republican, uliwapa mjumbe wake Obama 2008, Biden 2020 na Harris 2024. Inapendeza kuitazama. Lakini wilaya za ubunge huchorwa na wanasiasa, na mchoraji anajua anachokifanya. Majimbo yote yangefuata mtindo huo mwaka 2012, Mitt Romney angekuwa rais kwa wajumbe 274 dhidi ya 264, ilhali Obama alimzidi kwa kura karibu milioni 5. Dawa imezidi ugonjwa.

Kugawa wajumbe kwa uwiano wa kura ndani ya kila jimbo ni haki zaidi, mpaka atokee mgombea wa tatu mwenye nguvu. Mwaka 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura na hakupata mjumbe hata mmoja. Kwa uwiano angepata wengi, Bill Clinton mwenye asilimia 43 pengine asingefika 270, na uamuzi ungekwenda Baraza la Wawakilishi, ambako katiba inasema kila jimbo lina kura moja. Wyoming yenye watu laki tano na kitu ingekuwa na sauti sawa na California yenye watu milioni 39. Waliokimbia mfumo wa wajumbe wangejikuta mahali pabaya zaidi ya walikotoka.

Kura nyingi kitaifa, basi

Huu ndio watu wengi wanaoufikiria wanaposema "kura ya wananchi". Kura zinajumlishwa nchi nzima, anayeongoza ameshinda, hata kama ana theluthi tu.

Uzuri wake ni kwamba kila mtu anauelewa na kila kura ina uzito mmoja. Mrepublican wa Los Angeles na Mdemokrat wa Houston wote wanahesabika. Mwaka 2024 kampeni zilijazana katika majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Majimbo mengine 43, madogo kwa makubwa, yalitazama kwenye televisheni. Hoja ya kwamba mfumo wa wajumbe unawalinda wadogo huanguka hapa, kwani Wyoming na Vermont ni wadogo na hakuna aliyekwenda kuwabembeleza. Na hofu ya kwamba miji mikubwa ingetawala imetiwa chumvi: miji 50 mikubwa ya Marekani ukiijumlisha yote inakaliwa na takriban asilimia 15 ya watu.

Ubaya wake tunaujua vizuri kuliko Wamarekani. Kenya mwaka 1992, Daniel arap Moi alirudi madarakani na kama asilimia 36, huku Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga wakigawana kura za watu waliotaka aondoke. Congo ilikuwa na duru mbili mwaka 2006, ikaifuta ya pili kwa marekebisho ya katiba Januari 2011. Novemba mwaka huo Joseph Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia 49, na mwaka 2018 Félix Tshisekedi akatangazwa kwa asilimia 38 na ushei, matokeo ambayo Martin Fayulu aliyapinga. Tanzania nayo iliondoa sharti la kuvuka nusu mwaka 2000. Mexico hutumia mtindo huu huu: mwaka 2006 Felipe Calderón alimshinda López Obrador kwa asilimia 35.9 dhidi ya 35.3, na barabara kuu ya Mexico City ikakaliwa na waandamanaji kwa wiki kadhaa.

Katika mfumo huu aliyepo madarakani hahitaji kupendwa. Anahitaji wapinzani wawe wengi. Wapo hata wanaosaidiwa kuchukua fomu kwa kazi hiyo. Mfumo wa wajumbe, pamoja na kasoro zake zote, umekuwa ukiwabana Wamarekani wabaki na vyama viwili. Ukiuondoa na kuweka kura nyingi tupu bila sharti jingine, unawaalika wagombea sita na mshindi wa asilimia 30.

Mkataba wa majimbo: mlango wa uani

Hapa ndipo lile la kubeba wajumbe wote linaporudi. Kwa kuwa kila jimbo linajiamulia namna ya kutoa wajumbe wake, linaweza kuamua kumpa aliyeongoza nchi nzima badala ya aliyeongoza jimboni. Jimbo moja likifanya hivyo peke yake ni ujinga. Lakini majimbo yenye wajumbe 270 yakikubaliana kufanya pamoja, anayeongoza kwa kura za wananchi ameshashinda, na hakuna neno la katiba lililoguswa.

Maryland ilitia saini ya kwanza mwaka 2007. Hadi uchaguzi wa 2024 mkataba ulikuwa na majimbo 17 na DC, jumla wajumbe 209, Maine ikiwa ndiyo iliyoingia mwaka huo. Hauanzi kufanya kazi mpaka 270 itimie, kwa hiyo waliosaini bado hutumia utaratibu wa kawaida.

Nauona ni kazi ya werevu, na werevu wake ndio unaonitia wasiwasi. Chukua mwaka 2024. Trump aliongoza kitaifa kwa takriban asilimia 49.8 dhidi ya 48.3 za Kamala Harris. Mkataba ungekuwa unatumika, California, ambako Harris alishinda kwa mbali, ingelazimika kumpa Trump wajumbe wake 54. Waza gavana wa California, Desemba, akiweka saini kwenye hati hiyo huku watu wamejaa nje. Mkataba unasema jimbo haliwezi kujitoa kuanzia Julai 20 ya mwaka wa uchaguzi hadi rais aapishwe. Kwenye karatasi ni imara. Kama mahakama zingeukubali ubavu wa jimbo moja kulishtaki jingine kwa sharti hilo, au zingesema mkataba ulihitaji kwanza idhini ya Bunge, hilo lingejulikana siku ya kesi, wakati mbaya kuliko wote.

Halafu majimbo yaliyosaini ni yale yanayoelemea chama cha Democratic. Kanuni ya uchaguzi iliyopitishwa na upande mmoja hudumu mpaka upande huo uumie nayo.

Jingine, ambalo watu hawalisemi sana: mkataba unachukua mwenye kura nyingi, hata asifike nusu. Yaani unaleta ule mfumo wa Moi 1992 kwa kupitia uani.

Duru mbili

Wafaransa walimchagua de Gaulle mwaka 1958 kwa jopo la wajumbe kama 80,000, wengi wao madiwani na mameya. Mwaka 1962 wakapiga kura ya maoni na kulifuta. Argentina ilikuwa na wajumbe wa mtindo wa Marekani hadi mageuzi ya katiba ya 1994. Finland nayo iliacha wake na kufanya uchaguzi wa kwanza wa duru mbili mwaka 1994. Ni jambo la kuzingatia: nchi hizi zote tatu, zilipoacha wajumbe, ziliweka nafasi ya duru ya pili. Hakuna kati yao iliyoridhika na kura nyingi tupu.

Faida yake ni kwamba anayeingia madarakani anaweza kusema zaidi ya nusu ya waliopiga kura walimtaka, au angalau walimwona afadhali kuliko mwenzake. Hasara ni duru ya kwanza yenyewe. Ufaransa mwaka 2002 kura za mrengo wa kushoto ziligawanyika, Lionel Jospin akatolewa na asilimia 16.2 nyuma ya Jean-Marie Le Pen mwenye 16.9, na wiki mbili baadaye wafuasi wa Jospin wakapanga foleni kumpigia Jacques Chirac, ambaye hawakumpenda, akashinda kwa asilimia 82.

Argentina ina namna yake inayopunguza gharama: ukipata asilimia 45, au ukipata 40 na kumwacha wa pili kwa pointi 10, hakuna duru ya pili.

Wamarekani waliukaribia mfumo wa namna hii kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1968 George Wallace, gavana wa zamani wa Alabama aliyetetea ubaguzi wa rangi, alichukua wajumbe 46, na vyama vyote viwili vikashtuka kwamba mtu mmoja angeweza kushika ufunguo wa Ikulu na kuuza. Septemba 1969 Baraza la Wawakilishi likapitisha marekebisho ya katiba kwa kura 338 dhidi ya 70: rais achaguliwe na wananchi, mwenye kura nyingi ashinde mradi amefika asilimia 40, la sivyo wawili wa juu warudiane. Rais Nixon aliunga mkono. Mwaka uliofuata maseneta, wakiongozwa na watu wa Kusini kama Strom Thurmond na Sam Ervin, waliongea mpaka muswada ukafa. Jaribio la kufunga mjadala lilipata kura 54 dhidi ya 36, pungufu ya theluthi mbili zilizohitajika.

Kiwango hicho cha asilimia 40 hakikutoka hewani. Kwa nyakati zote ambazo kura za wananchi zimehesabiwa, mshindi aliyekosa 40 ni John Quincy Adams mwaka 1824 na Abraham Lincoln mwaka 1860, huyu wa pili akiwa na 39.8. Wengine wote wamevuka. Kwa maneno mengine, duru ya pili ingekuwepo kwenye sheria na isiitishwe karibu kamwe, na uwepo wake tu ungetosha kuwavunja moyo wagombea wa kugawa kura.

Kupanga kwa nafasi

Badala ya kurudi kituoni, unaandika 1 kwa unayemtaka, 2 kwa wa akiba, na kuendelea. Akikosekana wa kuvuka nusu, wa mwisho anatolewa na karatasi zake zinahamia kwa chaguo la pili. Ireland humchagua rais wake hivyo. Ndani ya Marekani kwenyewe, Maine iliutumia kwa urais mwaka 2020, na Alaska mwaka 2024.

Florida mwaka 2000 ndiyo tangazo lake bora. Bush alimshinda Al Gore jimboni kwa kura 537. Ralph Nader, mgombea wa chama cha Kijani, alipata zaidi ya 97,000 hapo hapo Florida. Picha zilizobaki ni za maofisa wa uchaguzi wakiinua kadi za kura kwenye mwanga, wamekodoa macho kutazama kama kijitundu kimetoboka au kimebonyea tu, hadi Mahakama ya Juu ya nchi ilipokomesha zoezi Desemba 12 kwa majaji 5 dhidi ya 4. Wafuasi wa Nader wangekuwa na nafasi ya kuandika chaguo la pili, vijitundu visingekuwa na kazi.

Ila usinunue kabla ya kuitazama Sri Lanka. Huko mpiga kura anaweza kupanga hadi watatu. Septemba 2024, kwa mara ya kwanza katika historia yao, hakuna aliyefika nusu: Anura Kumara Dissanayake aliongoza kwa asilimia 42 na hesabu ya pili ikafanyika kati yake na Sajith Premadasa. Kazi ilikwisha haraka, watu walipiga kura Jumamosi na Jumatatu rais akaapishwa. Lakini wengi walikuwa wametia alama moja tu. Dissanayake alimaliza na kura kama milioni 5.7 kati ya milioni 13 halali. "Nusu" yake ilikuwa nusu ya karatasi zilizobaki mezani. Mfumo wa kupanga unategemea watu wapange.

Kuna na shida ya hesabu ambayo msomaji wa Kenya ataiona mara moja. Fomu 34A, yenye matokeo ya kituo, inabandikwa mlangoni, na yeyote mwenye simu anaweza kupiga picha na kujumlisha. Mwaka 2022 watu walifanya hivyo nyumbani kwao, kwa fomu zaidi ya 46,000 zilizowekwa kwenye tovuti ya tume. Kura zilizopangwa kwa nafasi hazijumlishiki hivyo, kwa sababu kituo hakijui nani atatolewa kitaifa. Data zote lazima zikusanywe mahali pamoja ndipo mshindi ajulikane. Penye imani ndogo na tume, huko ni kuomba balaa.

Nusu jumlisha moja na mtawanyiko

Huu ni wa kwetu, na Wamarekani wanaohofia "utawala wa miji" wangefaa kuusoma. Kifungu cha 138 cha katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Nigeria inataka robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo, lakini haikuweka sharti la nusu. Ndiyo maana Bola Tinubu alipita mwaka 2023 na asilimia 36.6. Indonesia inataka nusu, na asilimia 20 katika zaidi ya nusu ya mikoa.

Kwa nadharia, hapa ndipo penye jibu kwa mtetezi wa shirikisho: kila kura ina uzito mmoja, ila mtu wa kona moja hapiti. Kwa vitendo, Kenya kinachouma ni sharti la nusu. Uhuru Kenyatta mwaka 2013 alilivuka kwa asilimia 50.07, kura 8,000 na kitu juu ya mstari. Mwaka 2022 William Ruto alipata 50.49. Sharti la kaunti halikumsumbua yeyote: Ruto alipata robo katika kaunti 39, Raila Odinga aliyeshindwa akaipata katika 34.

Ukilipeleka Marekani lingekuwa jepesi zaidi. Mwaka 2020 jimbo lililomkataa Biden kuliko yote ni Wyoming, na hata huko alipata zaidi ya asilimia 26. Trump alikataliwa zaidi na Vermont, akapata 30. Wote wawili wangetimiza robo katika majimbo yote 50. Kwa hiyo anayetaka mtawanyiko uwe na meno Marekani itabidi apandishe kiwango, na akikipandisha sana atakuwa amerudisha kura ya turufu ya majimbo, yaani kile kile alichotaka kukifuta. Nguvu ya sharti hili ipo kwenye kampeni: linamfanya mgombea apande ndege kwenda mahali ambako atashindwa, akatafute robo yake. Mkaazi wa Wyoming hajaona hilo kwa miaka mingi.

Nani atahesabu?

Hoja nzito kuliko zote za kubaki na wajumbe sioni ikitajwa na watetezi wake wengi: Marekani haina tume ya taifa inayohesabu kura. Kila jimbo lina sheria zake, na kazi yenyewe hufanywa na maelfu ya kaunti na miji. Maine na Vermont wafungwa hupiga kura wakiwa gerezani. Majimbo mengine mtu huzuiwa hata baada ya kutoka. Leo tofauti hizo hubaki ndani ya mipaka ya jimbo. Jumlisha kila kitu, na jimbo litakalolegeza masharti litakuwa limejiongezea uzito kitaifa, huku ugomvi wa kura chache ukimaanisha kuhesabu upya kutoka Maine hadi Hawaii.

Kwa upande mwingine, pengo dogo kitaifa ni nadra kuliko pengo dogo jimboni. Mwaka 2020 Biden aliongoza kwa kura milioni 7, lakini uchaguzi ulisimama kwenye kura kama 43,000 za Arizona, Georgia na Wisconsin zikijumlishwa, na zogo lililofuata lilikuwa la kura za majimbo ya namna hiyo. Kwa hesabu ya taifa zogo hilo lisingekuwa na pa kushika.

Ningechagua ipi

Ukiogopa zaidi rais aliyeshindwa kwa kura kuingia madarakani, na hutaki kusubiri katiba, mkataba wa majimbo ndio pekee ulio njiani. Uuchukue ukijua unanunua na kesi zake. Ukiogopa zaidi kura kugawanywa na wagombea wa bandia, chukua duru mbili au kupanga kwa nafasi; mahali penye imani na tume panga kwa nafasi, mahali pasipo na imani rudi kituoni, maana hesabu ya duru mbili mtu wa kawaida anaweza kuifuata kwa kalamu. Ukiogopa nchi kumeguka vipande, ongeza sharti la mtawanyiko, ila usitarajie litazuia mtu.

Mimi ningeufufua muswada wa 1969 kama ulivyo, na asilimia 40 zake. Hautaki mashine mpya wala kumfundisha mpiga kura namna mpya ya kuweka alama, na unafunga mlango wa mshindi wa asilimia 30 bila kulazimisha marudio kila mara. Duru ya pili ikihitajika ina nafasi kati ya Novemba na Januari 20. Georgia tayari huwarudisha watu wake vituoni kwa viti vya Seneti ndani ya majuma manne. Kinachokosekana ni theluthi mbili za Seneti na majimbo 38, na hizo hazitapatikana mpaka kila chama kiwe kimeumizwa na wajumbe ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai. Chama cha Democratic kimeumizwa mara mbili. Republican bado, japo mwaka 2004 ilibaki Ohio tu.